Jinsi ya kumwandaa kiongozi mpya wa ushirika wa nyumbani

Mwongozo huu ni wa mchungaji au mzee wa kanisa ambaye ushirika wake wa nyumbani umejaa sebule, na wa kuongoza ushirika wa pili hajapatikana. Ninafanya kazi hii Kisauni, Mombasa. Kanuni yangu ni moja: kazi itangulie, cheo kifuate.

Hatua ya 1: Mtafute anayejua nani hakufika

Usimkimbilie msemaji hodari. Mwangalie anayepanga viti, anayempigia mgonjwa simu bila kutumwa. 1 Timotheo 3:6 inamkataa aliyeongoka karibuni, na mstari wa 7 unataka ashuhudiwe mema na watu wa nje. Huo wa 7 twausahau sana. Muulize mwenye duka anakokopa unga. Akikuna kichwa kabla ya kujibu, subiri kwanza.

Uliza pia kuhusu zamu zake. Wa bandarini na wa hotelini hawana jioni ya kudumu, na kumlaumu kwa kukosa ibada si haki.

Hatua ya 2: Mgawie kazi mojamoja

Kwanza akaribishe wageni na kuomba. Akizoea, asimamie shuhuda, na hiyo si kazi ndogo, kwa maana kuna shuhuda isiyokwisha hadi watoto walale. Somo lije mwisho. Katika Kutoka 18 Yethro alimshauri Musa aweke wakuu wa maelfu, wa mamia, wa hamsini na wa kumi. Wako aanze na kumi.

Pwani tunayo historia ya kutufunza hapa. William Jones na Ishmael Semler, watumwa waliokombolewa na kusomeshwa India, walifika Mombasa mwaka 1864 kufanya kazi ya misheni. Walifanywa mashemasi mwaka 1885. Mwaka huohuo Askofu Hannington alipouawa Busoga, Uganda ya leo, Jones ndiye aliyewarudisha pwani waliosalia wa msafara wake. Kwa maoni yangu walicheleweshwa mno. Lakini siku hizi tunampa mtu cheo ndani ya miezi mitatu, nalo ni kosa la upande wa pili.

Hatua ya 3: Mfundishe kuongoza somo

Hapa ndipo utakapotumia muda mwingi. Chukua Marko 4:35–41, dhoruba ziwani. Ni mistari saba tu, na mtu wa Likoni anayevuka na feri kila siku hahitaji kuelezewa mawimbi. Mwandalie maswali manne: Ni akina nani waliomo? Ni nini kilitokea? Yesu alisema na kufanya nini? Wiki hii sisi tutafanya nini kwa sababu hiyo?

Kila jibu la matatu ya kwanza lionyeshwe kwenye mstari. Swali la ndiyo au hapana alifute. “Je, Yesu alikuwa amelala?” linaua mazungumzo; “Walimwamsha kwa maneno gani?” linamrudisha kila mtu kwenye mstari wa 38, na ghafla mtu anakumbuka kwamba naye amewahi kumlalamikia Mungu hivyohivyo.

Baada ya kuuliza, anyamaze na kuhesabu moyoni hadi kumi. Wengi hushindwa, wakifika tatu wanajijibu wenyewe, na somo linageuka mahubiri. Keti karibu naye mkubaliane ishara. Mzungumzaji asiyeisha azuiwe kwa heshima: “Mama, asante, tumsikie na ndugu yetu pale mlangoni.” Dakika 40 zinatosha.

Hatua ya 4: Toka naye mtaani

Luka 10:1 inasema wawili wawili. Majirani zetu wengi ni Waislamu, kwa hiyo adabu ya mji ianze kabla ya Injili. Piga hodi mara tatu, usipoitikiwa, ondoka. Mdogo atangulize shikamoo. Mwanamume asiingie ndani kwa mwanamke aliye peke yake, baraza ipo. Usiende wakati wa magharibi, hasa Ramadhani watu wanapofuturu. Asibishane kuhusu dini ya mtu: aseme yale Kristo aliyomtendea, asikilize, aulize kama kuna jambo la kuombewa. Msaada wa unga usifungamanishwe na ubatizo hata kidogo. Mtu akikataa, kesho asalimiwe vilevile.

Na ibada ya nyumbani haihitaji kipaza sauti. Kuta za ploti ni nyembamba.

Hatua ya 5: Mwonyeshe mipaka

Sadaka ihesabiwe na watu wawili, ya simu iende kwenye nambari ya kanisa, si yake. Asikae faraghani na mtoto wa mtu. Akisikia mtoto anadhulumiwa, apige 116. Kwa ukatili wa nyumbani, 1195. Mambo hayo hayamalizwi kwa maombi ya sebuleni wala kikao cha wazee, na kiongozi asiyekubali hilo usimpe ushirika.

Hatua ya 6: Mwachie

Kosa wiki moja makusudi, ukiwa umemwambia mapema. Ukirudi usiwaulize washiriki kama alifanya vizuri, watamsifu tu. Muulize yeye ni nani aliyekuwa kimya na ni swali gani lilimshinda. Majibu yakiwa na majina na mistari, mpe nyumba tatu au nne za karibu naye aanze ushirika wake, nawe umtembelee kila mwezi.

Kumwekea mikono mbele ya kanisa kungoje miezi michache ushirika huo ukisimama. Kisha panga Jumapili ambayo hana zamu.