Jinsi ya kuandaa mpango wa maendeleo ambao kijiji kitaufanyia kazi

Mipango mingi ya vijiji ninayoipitia hapa Dodoma inafanana: zahanati, kisima, madarasa mawili, barabara, kisha safu ya gharama iliyojazwa kwa kukisia. Hiyo ni orodha ya maombi. Mwaka 1969, wakati wa Mpango wa Pili wa Miaka Mitano, Mwalimu Nyerere alisema kupanga ni kuchagua, na kuchagua ndiko kunakokosekana katika makaratasi hayo.

Mwongozo huu ni kwa watendaji wa vijiji, maafisa maendeleo ya jamii wa kata, na vijana wanaohitimu Chuo cha Mipango ya Maendeleo Vijijini. Msingi wake ni O&OD, utaratibu wa fursa na vikwazo kwa maendeleo ulioanza kutumika nchini mwanzoni mwa miaka ya 2000. Naueleza kama unavyofanyika kwenye vijiji vyetu vikame.

Hatua ya 1: Panga majira

Sisi tuna msimu mmoja wa mvua, takribani Desemba hadi Aprili, na mvua yenyewe kwa kawaida ni kama milimita 500 hadi 600 kwa mwaka. Ukiitisha vikao Januari, watu wako mashambani na ghala limeanza kupungua. Utapata wachache walio karibu na ofisi, na mpango utakuwa wao.

Fanya kazi hii kati ya Julai na Septemba, mavuno yakiwa yameingia. Kuna sababu ya pili: mwaka wa fedha wa serikali huanza Julai 1, na halmashauri ya wilaya huandaa bajeti yake miezi mingi kabla. Mpango uliokamilika Oktoba una nafasi ya kuingia humo, ule wa Aprili umechelewa. Kabla ya yote, kaa na halmashauri ya kijiji, hasa kamati ya fedha, uchumi na mipango, mkubaliane siku ya kila kitongoji.

Hatua ya 2: Chora ramani, kisha tembea

Ramani ichorwe chini, kwa majivu, mawe na vijiti, ili asiyejua kusoma naye aweze kunyoosha mkono na kusahihisha. Karatasi inafuata baadaye. Halafu tembeeni kukata kijiji kutoka mlimani hadi mbugani, pamoja na mkulima, mfugaji, mwanamke anayechota maji na kijana mmoja. Kwenye kila sehemu uliza: nani anaitumia, kiangazi kunakuwaje, miaka kumi iliyopita palikuwaje?

Andika kwanza kilichopo: lambo, visima vya mchanga kwenye makorongo, mashamba ya mtama, uwele na alizeti, vikundi vya kuweka na kukopa, mafundi, boma la darasa lililosimama kwenye lenta. O&OD iliyoboreshwa inaanzia kwenye jitihada za jamii zenyewe, na naikubali kabisa. Kijiji kilichokwisha kufyatua matofali kina mradi tayari.

Hatua ya 3: Kalenda ya misimu

Chora miezi 12 na mistari mitano: mvua, kazi, chakula, maji, fedha mkononi. Wanawake wachore yao na wanaume yao. Ukizilinganisha utaona lini nguvukazi ipo na lini kaya zina uwezo wa kuchangia, mara nyingi baada ya kuuza alizeti. Michango ikipangwa Februari haitakusanywa, hata mwenyekiti akiwa mkali namna gani.

Hatua ya 4: Pambanisha vikwazo viwili viwili

Hapa usiharakishe. Gawanya watu katika makundi ya wanawake, wanaume, vijana na wazee, kila kundi na kivuli chake, na watu wenye ulemavu wawe na mtu wa kuhakikisha wanasikika. Kila kundi litaje vikwazo vyake, mbakishe vitano. Chukulia ni maji, njaa, zahanati, barabara na malisho.

Sasa uliza kwa jozi: kati ya maji na njaa, kipi tuanze nacho? Maji na zahanati? Endelea hadi kila kimoja kikutane na vingine vyote. Vikwazo vitano vinatoa jozi 10. Kwa kila jozi kilichoshinda kinapata alama moja, na jumla ya alama lazima iwe 10, la sivyo kuna jozi mmeiruka.

Wanawake wanaweza kupata maji 4, njaa 3, zahanati 2, barabara 1, malisho 0. Wanaume wakapata malisho 4, maji 3, njaa 2, barabara 1, zahanati 0. Usijumlishe haraka ukatangaza mshindi. Bandika matokeo yote mawili na uwaulize sababu. Mjadala huo ndio wenye faida: wanaume wataeleza kwamba mifugo ikikosa malisho huhamishwa mbali, wanawake wataeleza kwamba ng'ombe na ndoo vinagombea korongo lile lile. Hapo watu wanaona kwamba maji ya mifugo na maji ya nyumbani yanahitaji kupangwa pamoja.

Jihadhari na mtu mmoja anayejibu kwa niaba ya kundi. Mpe kazi ya kuandika, uulize wengine.

Hatua ya 5: Fuata chanzo, na fuata athari

Kwa kikwazo kilichochaguliwa, uliza "kwa nini" hadi mfike kwenye jambo ambalo kijiji kinaweza kulishika. Lambo limekauka mapema, kwa nini? Limejaa mchanga. Kwa nini? Mteremko wa juu umelimwa hadi ukingoni. Basi kuchimba lambo upya bila kugusa mteremko ni kurudia kazi ile ile baada ya misimu michache.

Kisha uliza suluhisho litampeleka nani wapi. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulianza mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo iliondolewa kwenye eneo lililomomonyoka la Kondoa. Uoto ulirudi, na hilo ni jambo kubwa. Lakini ng'ombe walipaswa kula mahali, na mzigo ukahamia kwa jirani. Kila mnapofunga eneo, andikeni kwenye mpango huo huo wapi mifugo italishwa, na kaeni na kijiji jirani mzungumze.

Hatua ya 6: Piga hesabu ya matunzo

Safu ya gharama za kuendesha isiachwe wazi. Chukulia kisima cha pampu, kaya 300, kila kaya ndoo nne kwa siku, shilingi 50 kwa ndoo: ni shilingi 60,000 kwa siku, au 1,800,000 kwa siku 30. Inapendeza. Lakini mvua ikinyesha watu hurudi kwenye makorongo na madimbwi, na mapato hushuka. Piga hesabu upya kwa theluthi moja ya wateja: 600,000. Je, mlinzi, umeme au dizeli na akiba ya vipuri vinalipika? Kama havilipiki, punguza ukubwa wa mradi au panga akiba ya kiangazi ibebe masika. Chombo cha watumia maji na mafundi wa RUWASA, wakala wa serikali wa maji vijijini, washirikishwe hapa, kabla ya kura.

Hatua ya 7: Mkutano mkuu

Mkutano mkuu wa kijiji ni wa wakazi wote wenye umri kuanzia miaka 18, na ndio unaopitisha mpango. Wasomee kwa sauti miradi isiyozidi mitatu, na kwa kila mmoja useme: kijiji kitaanza na nini chenyewe, lini, nani anasimamia, na kipi kinaombwa halmashauri. Muhtasari uandikwe na kusainiwa siku hiyo hiyo, nakala iende kwenye kamati ya maendeleo ya kata.

Bandika ukurasa mmoja ofisini na kila kitongoji mahali watu wanapokusanyika, kama kwenye mashine ya kusaga. Kila mkutano wa miezi mitatu anza na ukurasa huo: kilichofanyika, fedha iliyopokelewa na ilivyotumika, kilichokwama na sababu yake. Kazi ya kwanza ya kijiji chenyewe, hata ikiwa ni kupanda matete juu ya lambo, iwe imeanza kabla ya mkutano wa kwanza kati ya hiyo.