Kabla Hujaambiwa Pampu Imekufa

Pikapu yangu ni Hilux ya mwaka 1999, injini ya 3L, dizeli ya zamani isiyo na kompyuta. Nabebea viazi kutoka vijijini Njombe mpaka Makambako. Niliinunua ikiwa imeshapita mikono mitatu, na haikumaliza mwezi kabla ya kunionyesha tabia yake: ukiipakia magunia kumi (na sisi gunia letu mnalijua, lumbesa), ikaanza kupanda mlima, baada ya dakika kumi hivi inakohoa, nguvu zinaisha, inazima. Ukikaa pembeni robo saa, unapiga stata inawaka kama vile haikuwa yenyewe.

Fundi wa kwanza alifunua boneti, akaitazama muda wa kumaliza kumeza mate, akasema, "Mama, pampu imekufa hiyo. Andaa laki nane."

Sikuwa nazo. Nikaenda kwa mzee mmoja wa Makambako ambaye kazi yake ni pampu na nozo tu (nozo ndizo zinazopuliza dizeli kwenye silinda). Nikamwamkia, akaitikia, na swali lake la kwanza halikuwa la gari. "Mafuta unanunua wapi, mama?" Nikamwambia ukweli: nikiwa mashambani nanunua ya dumu, barabarani. Akacheka, akachukua mpira wa wazi kutoka kwenye droo, na pampu yangu hakuigusa kabisa siku ile. Haya ninayoandika mengi ni ya kwake, mengine nimeyapata kwa kulala barabarani.

Kwanza elewa mafuta yanavyotembea, maana ukikosa hapa utanunua vipuri mpaka uchoke. Kwenye injini za 2L, 3L na 5L hakuna pampu ya umeme ndani ya tenki. Pampu iliyo mbele, ile inayozungushwa na mkanda wa taimingi, ndiyo inayonyonya dizeli kutoka nyuma, kupitia chujio la tenkini, bomba la chini ya bodi, vipande vya mpira, filta, halafu ndani yake. Mzee alinifananishia na mtoto anayenyonya soda kwa mrija. Mrija ukitoboka, soda haimwagiki. Mtoto anavuta upepo tu. Ndiyo maana gari la dizeli linaweza kuwa na tundu kwenye mpira, chini pakavu kabisa, huna tone unaloliona, na asubuhi haliwaki. Ukitafuta panapovuja kwa macho, upande huu wa kunyonya utapoteza siku nzima.

Kwa hiyo tunaanza nyuma tunakwenda mbele. Pampu ni ya mwisho.

Fungua mfuniko wa tenki gari likiwa limetoka kusumbua, injini ikiwa bado ya moto. Ukisikia tenki linavuta pumzi kwa nguvu, kitundu cha hewa cha mfuniko kimeziba, na pampu ilikuwa inavuta kutoka kwenye chupa iliyofungwa. Endesha kidogo mfuniko ukiwa umelegea. Ikipona, umemaliza kwa bei ya mfuniko. Mimi haikuwa hiyo.

Pili, filta. Chini yake kuna koki ya kutolea maji. Kinga chupa ya maji ya kunywa iliyo safi na kavu, toa kama nusu kikombe, iache itulie kwenye mwanga. Maji hukaa chini na mstari unaonekana wazi. Kutu hushuka kama majani ya chai. Kama taa ya filta kwenye dashibodi huwaka na wewe huwa unaipuuza, chupa itakusuta. Mafuta ya taa yaliyochanganywa kwenye dizeli hutayaona kwa chupa, usijidanganye. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ilianza mwaka 2010 kuweka vinasaba, yaani alama ya kemikali, kwenye mafuta ili kuwanasa wachakachuaji, lakini dumu la kando ya njia halina anayelipima. Na dizeli kwenye pampu hii si chakula tu, ndiyo kilainishi chake. Ukiipa mafuta ya taa, chuma kinasuguana na chuma.

Tatu, ile pampu ndogo ya mkono juu ya filta. Hii ndiyo inayokueleza mengi kuliko kifaa chochote ulichonacho, tena bure. Asubuhi, kabla hujagusa ufunguo, ibonyeze. Ikiwa ngumu kwa mara mbili tatu, mafuta yamelala mahali pake usiku kucha. Ikiwa laini, unabonyeza ishirini, thelathini, ndipo inaanza kukaza, basi dizeli imerudi tenkini na upepo umechukua nafasi yake. Mahali fulani panapitisha hewa. Na ukibonyeza ikashuka halafu ikachelewa kupanda, au ikabaki imezama, hapo tatizo si upepo: kuna kitu kimeziba huko nyuma, inavuta hakiji.

Yangu ilibaki chini. Mzee hakusema kitu, alinionyesha tu kwa kidole.

Kama bado huna hakika ni upepo, lala umeegesha pua ikiwa juu ya mteremko, kesho yake lala pua ikiwa chini. Ikigoma siku ya kwanza na kuwaka vizuri siku ya pili, ni upepo. Njombe milima ya kufanyia jaribio hili si haba. Halafu nunua mpira wa plastiki unaoonyesha ndani, kipenyo cha ndani milimita 8, nusu mita inatosha, uufunge kati ya filta na pampu kwa klipu. Washa, tazama. Vipovu viwili vitatu mwanzoni si neno. Vipovu visivyoisha, hasa ukipiga resi, ndiyo ushahidi wako. Kisha hamisha mpira huo kabla ya filta. Vipovu vikiwepo hata hapo, tundu liko nyuma, kwenye mipira au bomba la chini. Visipokuwepo, ni filta yenyewe: raba yake haikukaa, au hiyo pampu ya mkono imechoka ndani na inapitisha hewa kwenye kifundo chake, ugonjwa wa kawaida kwa Toyota za umri huu. Kiungio unachokishuku kipake grisi nene pande zote. Vipovu vikipungua, umempata.

Mipira ikague kwa kuikunja, hasa penye kona na chini ya klipu. Juu inaweza kung'aa, ukiikunja inafunguka nyufa kama kisigino kikavu.

Jaribio la dumu

Hili ndilo liliniokolea laki nane, nalo ningemlazimisha kila mtu alifanye kabla hajamlipa mtu pesa ya pampu.

Chukua dumu la lita tano, safi, lenye dizeli ya kituo unachokiamini. Litundike juu ya usawa wa injini, mbali na mkanda na feni. Toa mpira unaoingia kwenye pampu, weka mpira mwingine unaotoka moja kwa moja kwenye dumu. Mpira wa marejesho, unaorudisha dizeli ya ziada tenkini, nao uelekeze kwenye dumu hilohilo, la sivyo litakwisha upesi na hutajua kwa nini. Toa upepo (namna yake iko mwishoni), washa, piga resi, liendeshe polepole sehemu salama kama umelifunga vizuri. Hakuna sigara karibu, na usimwache mtoto ashike dumu. Ukizuia ajali, unazuia na fedheha.

Gari likifanya vizuri kwa dumu, pampu yako ni nzima na nozo ni nzima. Tatizo liko kati ya tenki na pampu. Likiendelea na ubaya wake uleule, sasa ndiyo unayo haki ya kuzungumza habari za pampu.

Yangu ilinguruma kwa dumu kama imetoka kiwandani. Tukashusha tenki. Kwenye chujio la bomba la kunyonyea kulikuwa na kipande cha nailoni, kikubwa kama kiganja, laini kama utando wa maziwa. Wauza dumu huweka nailoni kwenye mdomo wa dumu kabla ya kufunga mfuniko, ili lisivuje. Kipande kilikatika kikaingia. Injini ikivuta kwa nguvu mlimani, nailoni inakwenda kujibandika kwenye chujio. Ikizima, inaachia taratibu, inaelea zake. Ndiyo robo saa yangu ya kusubiri pembeni. Fundi wa kwanza hakunidanganya kwa makusudi, nadhani. Alikuwa anasikia gari linakosa mafuta, na kwake mafuta maana yake pampu.

Ukipeleka gari kwa fundi, kuna kosa moja la kulichunga kwa macho yako. Bolti inayofunga mpira wa marejesho kwenye pampu imeandikwa OUT, na ndani yake ina kitundu chembamba kilichopimwa, kinachoshikilia presha ndani ya pampu. Bolti ya kuingilia inafanana nayo. Zikibadilishwa nafasi, gari litakosa nguvu, na pampu nzima itaonekana mbovu. Nimeona pampu imeshushwa ikapelekwa benchi kwa ajili ya bolti hiyo.

Mbele ya filta

Kama jaribio la dumu halikusaidia, geuza ufunguo bila kupiga stata na usikilize nyuma ya pampu, kwenye swichi ndogo yenye waya. Inatakiwa ipige "tik". Kimya maana yake hakuna umeme au swichi imekufa, na bila hiyo mafuta hayapiti hata ukisukuma gari mpaka Songea.

Inawaka lakini inamisi? Ikiwa kwenye sailensi, yaani inanguruma bila kukanyaga mafuta, weka tambara, kwa spana namba 17 legeza nati ya bomba la nozo ya kwanza, kidogo tu, dizeli itoke kwa kutapika. Mlio ukibadilika, injini ikayumba, silinda hiyo ilikuwa inafanya kazi. Kaza, nenda ya pili. Silinda ambayo ukiilegeza injini haijali, hapo ndipo mgonjwa alipo. Usikimbilie kununua nozo: ihamishie kwenye silinda nyingine, uiwekee pete mpya ya kuzibia (mafundi huiita washa) chini yake. Ubaya ukihama nayo, ni nozo. Ukibaki palepale, nenda kapime kompresheni.

Moshi usome kwa utaratibu. Mweupe wa asubuhi unaochoma macho na injini ikitikisika, kwa baridi yetu ya Juni na Julai, mara nyingi ni hita, zile plagi za kupasha silinda moto, na hita hupimwa kwa taa ya majaribio kwa dakika mbili. Mweupe usiokwisha hata injini ikipata moto mara nyingi ni taimingi au nozo inayochuruza. Mweusi mnene, angalia filta ya hewa kwanza, kisha tazama ile skrubu ya mafuta nyuma ya pampu: kama waya wake wa lakiri umekatwa, kuna mtu "aliifungulia" ili ivute zaidi, na wewe ndiye unayelipa dizeli.

Unapokwenda kununua gari lililotumika, shika bomba la rejeta kabla ya salamu kwisha. Likiwa la moto, muuzaji ameshaiwasha na anakuficha asubuhi. Mwambie utarudi kesho saa kumi na mbili, injini ilale. Chungulia chini ya kava la mkanda wa taimingi: dizeli ikidondoka hapo, sili ya shafti ya pampu imekwisha, na mkanda unaooga dizeli haudumu. Hapo punguza bei au ondoka.

Kama ni D4D

Hizi za 1KD na 2KD, injini za dizeli za Toyota zenye kompyuta, ni kitabu kingine. Hekima ya spana namba 17 iache nyumbani: kwenye reli yake, bomba la pamoja linalozigawia nozo dizeli, presha hupita bar 1,000, na mchirizi wa hapo unatoboa ngozi na kuingia mwilini. Usilegeze bomba lolote injini ikiwaka. Kazi za nyuma, yaani mfuniko, maji, filta na mipira, ni zilezile. Baada ya hapo unahitaji mashine ya kusoma. Ikikuletea msimbo P0087, maana yake presha ya reli iko chini, anza na filta, kisha valvu ya kunyonyea iliyo kwenye pampu, ambayo hubadilishwa peke yake bila kununua pampu nzima. Nozo hupimwa kwa marejesho: chupa nne zinazolingana, kila nozo na yake, na ile inayojaza chupa upesi kuliko wenzake ndiyo inayomwaga presha.

Na kwa 1KD iliyotumika, fungua kava la juu uangalie shina za nozo. Ukiona masizi meusi kama lami na kusikia "chu, chu, chu", washa za shaba zimeachia. Masizi hayo hushuka kwenye oili, huziba chujio la chini la oili, na injini hufa kwa kiu huku sampu, bakuli la oili la chini, imejaa. Hapo usiulize nguvu ya gari wala siti zake za ngozi.

Ukimaliza kazi yoyote kwenye hizi za zamani, bonyeza pampu ya mkono mpaka ikaze, legeza nati za nozo mbili, piga stata sekunde kumi kumi ukipumzisha, mpaka dizeli itoke bila povu, kaza, washa. Osha mipira ya injini iliyomwagikiwa, dizeli huitafuna. Ule mpira wa wazi mzee alinikataza kuuacha humo moja kwa moja, kwa joto unalegea. Ninao chini ya siti, pamoja na klipu mbili na spana namba 17.