Somo: Osha AC yako mwenyewe kabla hujamwita fundi wa gesi

Wakuu, joto la kaskazi limeshaingia Dar na mafundi wa AC hawashikiki. Mwaka juzi nililipia gesi mara mbili ndani ya msimu mmoja. Fundi wa tatu alifungua kifuniko, akachomoa chujio na kuninyooshea bila neno: vumbi limeshonana kama blanketi. Akaliosha bombani, chumba kikapoa. Gesi hakuigusa. Tangu hapo naosha mwenyewe.

Somo hili ni la AC za vipande viwili, kimoja ndani na kimoja nje. Andaa mswaki wa zamani, brashi laini ya rangi, chupa ya kupulizia, sabuni ya maji, nailoni, beseni na tochi.

Anza na umeme. Rimoti haikati umeme wa AC, inailaza tu. Kazime brekeri yake na uwaambie wa nyumbani wasiiguse.

Pili, chujio. Inua kifuniko cha mbele mpaka kisimame chenyewe. Utaona nyavu mbili za plastiki. Zisukume juu kidogo, kisha zivute kwako. Maji yapige upande wa nyuma ili uchafu utokee ulikoingilia, maana ukimwagia mbele unaushindilia kwenye matundu. Anika kivulini, jua la saa saba litazipinda. Usirudishe zikiwa na maji. Kwangu hii ndiyo nusu ya kazi nzima: kila wiki mbili kama unakaa kando ya barabara ya vumbi, kila mwezi kama huna shida hiyo.

Tatu, mapezi ya alumini yaliyo nyuma ya nyavu. Ni membamba kama karatasi, na makali yake yanakata vidole. Piga brashi toka juu kwenda chini kufuata mistari. Ukipiga kwa kukatiza yanalala, hewa haipiti. Bodi ya umeme mara nyingi iko upande wa kulia. Ifunike kwa nailoni ndipo upulize maji yenye sabuni kidogo. Acha dakika kumi, suuza kwa maji matupu. Beseni likae chini, ukuta utakushukuru.

Nne, lile feni refu la ndani lenye umbo la bomba. Mulika na tochi. Ukiona weusi kama masizi, hiyo ni kuvu, na ndiyo harufu ya soksi unayoisikia ukiwasha. Lizungushe kwa kidole na kulisugua pezi moja moja kwa mswaki. Inachosha kweli, mimi huifanya mara moja kwa mwaka.

Tano, bomba la kutolea maji ya AC nje. Mimina nusu jagi kwenye treya ya ndani, mtu asimame nje aone kama yanatoka. Yasipotoka, kuna utelezi au nyigu kajenga. Livute kwa mdomo wa mashine ya kunyonya vumbi inayohimili maji, au pulizia kutoka nje.

Mwisho mashine ya nje. Suuza kwa mpira wa bustani wenye maji ya kawaida; zile pampu za kuoshea magari zinalaza mapezi. Ikiwa imening'inia ghorofani, hiyo mwachie fundi mwenye mkanda.

Kila kitu kikikauka, washa kwa feni peke yake nusu saa, ndipo uweke baridi.

MASWALI

Mkuu, naambiwa gesi lazima ijazwe kila mwaka. Ni kweli?

Hapana. Gesi si petroli, haichomwi. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa. Ikipungua ujue pana tundu, kwa hiyo mwambie fundi atafute tundu kwanza. Na usifungue mabomba mwenyewe: soma kibandiko cha mashine ya nje, kama kimeandikwa R32, gesi hiyo inaweza kushika moto.

Yangu inadondosha maji kitandani, ila nje bomba linatoa.

Angalia ncha ya bomba. Kama umeizamisha kwenye ndoo, itoe ining'inie juu ya maji bila kuyagusa. Kama sivyo, huenda mashine imelala upande usio na bomba.

Mabomba yanashika barafu, niigonge?

Usiguse! Zima baridi, acha feni tu mpaka iyeyuke, kisha kaoshe chujio. Ikirudi baada ya hapo, sasa ndiyo umwite mtu wa gesi.

Naweza kutumia jiki kuua kuvu?

Kwenye alumini hapana, inakula. Sabuni ya vyombo inatosha.

Shukran mwalimu. Sisi huku Mombasa tuko karibu na bahari, mashine ya nje imefanya kutu. Nifanyeje?

Pole dada. Ni chumvi ya upepo hiyo. Suuza kila mwezi kwa maji baridi yasiyo na chumvi. Ukitumia ya kisima chenye chumvi unaiongezea maradhi. Fremu ya chuma ipake rangi ya kuzuia kutu, lakini mapezi usiyapake chochote.

Nikiweka 16 si itapoa haraka kuliko 24?

Hapana. Kwa AC ya kawaida isiyo ya inverta (yaani isiyobadili kasi), kompresa, ile pampu inayosukuma gesi, hufanya kazi ile ile, tofauti ni pale inapopumzika. Kwenye 16 huenda isipumzike kabisa, na mita yako ya umeme ya LUKU ndiyo itakayokwambia.