Jinsi ya kukagua bwawa dogo la udongo la kuzuia mafuriko na kulipatia daraja la usalama

Bwawa la kuzuia mafuriko hukaa tupu, au na maji kidogo tu, sehemu kubwa ya mwaka. Mvua kubwa ikinyesha hujaa kwa saa chache, kisha huachia maji polepole kupitia bomba lililopita chini ya tuta. Kwa hiyo kulikagua ni kugumu kuliko kukagua lambo la mifugo. Siku nyingi tuta halibebi mzigo wowote, na kasoro zake hujitokeza siku ileile linapotegemewa.

Bwawa hupewa alama mbili. Daraja la hatari linajibu swali moja: tuta likivunjika, nani na nini vitasombwa huko chini? Alama ya hali inaeleza uzima wa tuta, bomba na utoro, yaani njia ya kupitishia maji ya ziada bwawa likijaa. Tuta jipya lililoshindiliwa vizuri, lakini lina nyumba 30 bondeni, ni la hatari kubwa na hali nzuri kwa wakati mmoja. Alama hizi huchanganywa mno. Ripoti ikisema "hatari ndogo", kamati ya bwawa huona hakuna haja ya kukagua tena, na hapo ndipo mabwawa mengi huanza kuharibika bila mtu kujua.

Daraja la hatari

Anza bondeni, si kwenye tuta. Fuata mkondo kwa miguu kuelekea chini mpaka mahali ambapo mto ni mpana kiasi cha kumeza wimbi lote bila kufurika. Andika kila nyumba, shule, kisima, kivuko, barabara na reli, pamoja na kimo cha kila kimoja juu ya kitanda cha mto.

Usidharau udogo wa bwawa. Chukua tuta la mita 6 lenye maji mita za ujazo 100,000. Kwa fomula ya Froehlich ya 1995, ya kukadiria mtiririko wa bwawa linalobomoka, hutoa hadi takriban mita za ujazo 167 kwa sekunde, na kwa mwendo huo maji yote yangekwisha kwa dakika 10 hivi. Hakuna atakayepata muda wa kupiga simu tatu. Bwawa la udongo la Kelly Barnes, Georgia, Marekani, lilikuwa na kimo cha takriban mita 12 tu. Lilipovunjika usiku wa kuamkia tarehe 6 Novemba 1977 liliua watu 39. Solai, Kaunti ya Nakuru, bwawa la shambani lilibomoka usiku wa tarehe 9 Mei 2018 na kuua watu zaidi ya 40 waliokuwa majumbani mwao.

Marekani hutumia ngazi tatu: hatari kubwa pale ambapo vifo vinatarajiwa, hatari ya kati pale ambapo hasara ni ya mali na miundombinu, na hatari ndogo pale ambapo hasara haivuki sana shamba la mwenye bwawa. Kanuni za Kenya za 2007 zilipanga mabwawa kwa ukubwa: A chini ya mita 5 za kina na mita za ujazo 100,000, B mpaka chini ya mita 15 na mita za ujazo milioni moja, C zaidi ya hapo. Ukubwa ni mwanzo mzuri, lakini pekee yake hautoshi, kwa sababu hausemi nani analala bondeni. Fanya yote mawili.

Daraja hili hubadilika bila hata koleo moja la udongo kuguswa. Bwawa lililojengwa kulinda mashamba ya mahindi likipata mtaa wa nyumba chini yake, limeshapanda daraja, na utoro uliopimwa kwa ajili ya mashamba huenda sasa ni mdogo mno. Rudia matembezi ya bondeni kila mwaka.

Hali ya tuta

Beba futi kamba ya mita 50, nondo yenye ncha, chupa mbili za kioo angavu, ndoo ya lita 10, saa, vigingi na kamera. Fyeka nyasi kwanza; tuta lililofunikwa na vichaka halikaguliki.

Tembea juu ya tuta kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, ukitazama kwa mstari. Udongo hushuka baada ya ujenzi, na palipobonyea ndipo maji yatakapopitia kwanza. Pima nafasi kati ya usawa wa juu wa maji ya mafuriko na sehemu ya chini kuliko zote ya kilele, maana hiyo ndiyo inayohesabika. Kwa mabwawa madogo, mita 1 ni kiwango cha chini cha kawaida. Ufa unaokata tuta kutoka upande wa maji kwenda upande mkavu ni hatari kuliko ufa unaofuata urefu wake, kwa kuwa unayapa maji njia ya kupita moja kwa moja. Hata hivyo, ufa wa urefu wenye upande mmoja ulioshuka unaonyesha kuwa mteremko umeanza kuporomoka. Piga vigingi pande zote mbili za ufa, pima umbali, kisha pima tena baada ya wiki.

Kwenye miteremko tafuta mashimo ya nungunungu na wanyama wengine wachimbaji, vichuguu na miti. Mti ukifa, mizizi yake huoza na kuacha vijia vya maji. Miche ing'oe mapema. Mti mkubwa usiung'oe bwawa likiwa na maji: subiri kiangazi, toa kisiki na mizizi, kisha jaza udongo ule ule wa tuta kwa tabaka za sentimita 15 na kushindilia kila tabaka.

Tumia muda mwingi zaidi mguuni mwa tuta, upande mkavu, hasa pale bomba linapotokea na pale tuta linapokutana na kingo za bonde. Tuta la udongo huvuja kidogo, na hilo si kosa. Rangi ya maji ndiyo yenye habari. Jaza chupa, iache itulie kwa dakika 30, utazame kitako chake. Maji maangavu yenye kiasi kisichobadilika yanahitaji kufuatiliwa tu. Maji yaliyoacha tope yanabeba udongo wa ndani ya tuta, na kijia kinapanuka kadiri unavyotazama. Pima kiasi kwa ndoo: ikijaa kwa sekunde 20, ni nusu lita kwa sekunde. Andika pia kimo cha maji bwawani siku hiyo. Mvujo ukiongezeka ilhali maji ya bwawa hayajapanda, kuna kitu kimefunguka ndani.

Kwenye bwawa la Teton, Idaho, tarehe 5 Juni 1976, maji ya tope yalionekana asubuhi na tuta likabomoka saa sita kasoro dakika 3 mchana. Hilo lilikuwa tuta la mita 93. Dogo halitoi muda mrefu hivyo.

Ukikuta tope, usizibe tundu kwa udongo wa mfinyanzi. Maji yatatafuta pengine pa kutokea, kwa shinikizo kubwa zaidi. Weka mchanga wa chembe kubwa, juu yake kokoto, juu yake mawe, ili maji yatoke na udongo ubaki. Fungua bomba la kutolea maji, na wahamishe watu wa bondeni kabla hujamaliza kuweka mawe.

Utoro na bomba

Utoro usiwe na uzio, miti wala kizingiti cha mawe. Sehemu kame watu huinua mdomo wa utoro kwa viroba vya mchanga ili mifugo ipate maji zaidi. Kila sentimita wanayoongeza imetolewa kwenye usalama wa tuta. Tafuta maji mengine kwa ajili ya ng'ombe, kisha ondoa viroba.

Bomba lisafishwe magogo na plastiki baada ya kila mvua kubwa. Maji ya mafuriko yanapaswa kushuka ndani ya siku 10 hivi, la sivyo mvua ya pili hulikuta bwawa limejaa.

Kutoa alama

Andika "nzuri" pale tu ambapo hakuna kasoro hata kwa mafuriko makubwa. "Wastani" ni bwawa lisilo na tatizo siku za kawaida lakini lenye shaka katika mafuriko adimu. "Mbaya" ni lenye kasoro inayoweza kulishinda katika mvua zinazotarajiwa, na pia lile ambalo michoro na vipimo vyake muhimu havipo. "Si salama" ni la kuhudumiwa leo. Mvujo wa tope, ufa unaokata tuta au utoro ulioziba, kimoja tu kinatosha kushusha alama yote. Usitafute wastani wake na nyasi nzuri.

Peleka ripoti, Kenya kwa Mamlaka ya Rasilimali za Maji, Tanzania kwa bodi ya maji ya bonde lako. Kagua kabla ya masika na vuli, tena kila mara utoro unapopitisha maji, ndani ya saa 24, na piga picha ukiwa umesimama kwenye vigingi vilevile.