Mvua ya Kwanza Si ya Kupandia

Kuna wakulima wanaonunua mbegu mara mbili kwa msimu mmoja: mara ya kwanza kabla ya mvua, mara ya pili wiki tatu baadaye, wakati mahindi ya awali yameshakauka yakiwa na majani mawili. Wengi wanailaumu mbegu. Mbegu haina kosa. Imepandwa siku mvua ya kwanza ilipotuliza vumbi.

Mvua ya milimita 8 inalowesha sentimita chache tu za juu. Jua la Novemba pale Dodoma au Singida linakausha milimita 5 hadi 6 kwa siku, kwa hiyo siku ya tatu unyevu umekwisha. Mbegu ya mahindi huamka ikishanyonya maji ya karibu theluthi ya uzito wake, na ikishatoa mzizi haiwezi kurudi kulala. Ukavu wa siku 10 unaikuta hapo, mzizi ukiwa mfupi. Ingebaki kavu kwenye kopo, ingesubiri bila madhara.

Kwa nini wazee walipanda hivyo hivyo wakavuna? Kwa sababu mvua ya kwanza ilikuwa ikifuatwa na ya pili mara nyingi kuliko sasa. Gesi zinazotokana na kuchoma mafuta, makaa ya mawe na misitu zimeipasha dunia joto, na hewa yenye joto hubeba mvuke zaidi: kila nyuzi 1 ya Selsiasi huongeza kama asilimia 7. Mvuke huo hukaa angani muda mrefu, kisha hushuka kwa kishindo, na katikati yake kunabaki siku nyingi kavu. Juu ya hilo kuna bahari. Magharibi mwa Bahari ya Hindi kukiwa na joto kuliko mashariki yake, vuli hujaa, kama 2019. El Niño, yaani maji ya Pasifiki ya kati na mashariki kupata joto kuliko kawaida, nayo husukuma upande huo huo, na mwaka 2023 mafuriko yalifika hadi Katesh, wilayani Hanang. La Niña, maji hayo yakipoa kuliko kawaida, hukausha: vuli ya 2022 Mto Ruvu ulipungua mpaka Dar es Salaam ikagawiwa maji kwa zamu.

Tanzania ni kubwa, na kosa hili la kupandia mvua ya kwanza haligharimu sawa kila mahali. Mikoa ya msimu mmoja (Dodoma, Singida, Tabora, Iringa, Mbeya, Ruvuma, Lindi, Mtwara na mingine) hupata mvua kati ya Novemba na Aprili, na Kanda ya Kati ndiyo inayoumia zaidi, maana hata mvua ikishika, Februari inaweza kukauka wiki mbili mahindi yakiwa yanatoa mbelewele. Nyanda za Juu Kusini kuna nafuu. Huko anayechelewa sana hupoteza zaidi kuliko anayewahi. Kaskazini, Pwani na Kanda ya Ziwa, zenye vuli na masika, tatizo ni ufupi wa vuli. Ukipanda mapema ikafa, hakuna muda wa kurudia.

Basi pima. Tafuta kopo lenye pande zilizonyooka na mdomo wa sentimita 10 au zaidi. Lifunge kwenye nguzo ya mita 1, mahali pa wazi, mbali na mti mara mbili ya urefu wa mti huo. Kila asubuhi saa 3 tumbukiza rula, andika milimita, kisha mwaga maji. Ndoo iliyopanuka juu haifai, msiniletee vipimo vya ndoo! Maji ya mdomo mpana yakikaa kwenye kitako chembamba, rula itakuonyesha milimita nyingi kuliko zilizonyesha.

Panda pale tu masharti mawili yanapotimia. Kwanza, jumla ya siku 3 mfululizo ifike milimita 20, na kwenye udongo wa mfinyanzi iwe 30, kwa sababu maji huzama taratibu. Pili, chimba sehemu tatu za shamba hadi sentimita 20. Chukua udongo wa chini kabisa, uufinye kiganjani, kisha urushe juu kidogo na uudake. Ukibaki donge, panda. Ukimwagika, rudi nyumbani. Udongo wa kichanga haushiki donge vizuri, hivyo angalia kama ni wa baridi na unaganda vidoleni. Tope la juu lisikudanganye.

Kabla ya kutoa mbegu, sikiliza utabiri wa siku 10 wa Mamlaka ya Hali ya Hewa. Ukisema kavu, subiri hata kama kopo limejaa. Masharti yakitimia, maliza kupanda ndani ya siku 3, usiache wiki ipite.

Kina kiwe sentimita 5, si 2. Anayepanda mahindi kwenye vumbi kabla ya mvua (mtama na uwele huvumilia zaidi) aende sentimita 6 hadi 7 kwenye udongo mwepesi, ili manyunyu yasifike kwenye mbegu. Mbolea ya kupandia ya DAP, kizibo kimoja cha soda kwa shimo la mbegu mbili, nafasi ya sentimita 75 kwa 60. Itengwe na mbegu kwa sentimita 5 za udongo. Unyevu ukiwa haba, mbolea iliyogusa mbegu huiunguza.

Kusubiri nako kuna mwisho. Kwenye vuli, ikifika katikati ya Novemba bila masharti kutimia, acha mahindi, weka choroko au maharage ya muda mfupi. Kanda ya Kati, mwisho wa mahindi uwe tarehe 5 Januari. Baada ya hapo nenda kwenye alizeti au mtama wa muda mfupi, na hata hivyo usivuke katikati ya mwezi.

Mahindi yakichomoza pamoja siku ya 6 hadi ya 8, umepatia. Mapengo yarudishie ndani ya siku 7 tangu yachomoze. Ukichelewa, miche mipya itafunikwa kivuli na ya zamani. Pengo la namna hiyo lijaze kunde.