Mayai ya Rangi na Mkate wa Kusuka kwa Siku ya Usiku Sawa na Mchana

Karibu na tarehe 20 Machi kila mwaka, jua huvuka ikweta kuelekea kaskazini, na urefu wa mchana hukaribia kulingana na ule wa usiku kote duniani. Kwa wakazi wa nusu ya kaskazini ya dunia huo ndio mwanzo wa majira ya kuchipua, ilhali wa nusu ya kusini huyapata majira hayo tarehe 22 au 23 Septemba. Yai linaafiki sherehe hii, kwani kuku asiyewashiwa taa hupunguza kutaga siku zinapokuwa fupi, kisha hurudia kasi yake mchana unaporefuka. Wairani huweka mayai ya rangi kwenye meza ya Nouruzi, mwaka mpya wao unaoanza wakati huohuo, na Wagiriki huchomeka mayai mekundu kwenye mkate wa kusuka wa Pasaka.

Rangi zishughulikiwe siku moja kabla. Chemsha maganda makavu ya vitunguu kumi hivi katika lita moja ya maji kwa nusu saa, chuja, acha yapoe, kisha ongeza vijiko viwili vikubwa vya siki, ambayo hulainisha kidogo uso wa ganda la yai ili rangi ishike. Kabichi ya zambarau hufanyiwa vivyo hivyo, na hapo watoto hushangaa, kwa sababu maji yake ni ya zambarau lakini yai jeupe hutoka la buluu. Manjano hutoa rangi yake ileile. Kwa maoni yangu maganda ya vitunguu yanazishinda zote, maana hata yai la kahawia hupata wekundu mzito uliokolea.

Ukitaka pambo, chukua yai lililochemshwa na kupozwa, lilowanishe, bandika jani dogo la giligilani na ulisawazishe kwa ncha ya kidole hadi kila kingo ilale. Livike kipande cha soksi ya nailoni, vuta kwa nguvu, funga nyuma kwa uzi, kisha litumbukize ndani ya rangi na uliache kwenye jokofu usiku kucha. Nailoni ikilegea, rangi hupenya chini ya jani na umbo likapotea. Ikikazwa vizuri, utabandua jani na kukuta mishipa yake yote imebaki. Likikauka, lipanguse kwa tone la mafuta ya kupikia lipate kung'aa.

Asubuhi ya sikukuu, changanya gramu 500 za unga wa ngano, gramu 7 za hamira ya chengachenga, gramu 80 za sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Mimina mililita 200 za maziwa vuguvugu na yai moja lililopigwa, kanda, kisha ingiza gramu 75 za siagi laini kidogo kidogo. Endelea kukanda kwa dakika kumi, na usishawishike kuongeza unga mapema, kwa kuwa donge hunata mwanzoni na kuacha lenyewe baadaye. Liache liumuke hadi liwe maradufu, ligawe mara tatu, suka, unganisha ncha liwe duara, na uliache tena kwa dakika 40.

Mayai yasiokwe pamoja na mkate, kwa kuwa rangi huchuruzika na kiini hukauka. Badala yake, didimiza vifundo vya karatasi ya aluminiamu vyenye ukubwa wa yai kati ya misuko, paka yai lililopigwa juu, oka kwa nyuzi 180 za selsiasi kwa takriban dakika 30, kisha mkate ukipoa uvitoe na kuweka mayai mahali pake.

Mezani, kila mtu achague yai na kuligonga kwa la jirani yake, ncha kwa ncha. Lisilopasuka ndilo mshindi. Wapo pia wanaosema kwamba yai husimama wima siku hii pekee, jambo ambalo si kweli, kwani mwenye subira hulisimamisha siku yoyote. Mayai yaliyokaa nje ya jokofu zaidi ya saa mbili yabaki kuwa mapambo tu, yasiliwe.