SOMO: Mazoezi ya mwanzo ya kurusha ndege ndogo kwa wanafunzi wa PPL, leseni ya rubani binafsi (na kwa nini miguu yenu imelala)

Wakuu habari zenu. Wiki hii peke yake nimejibu watu sita inbox swali lile lile, "mkuu stoli unafanyaje, mbona ndege inaangukia upande mmoja" (stoli ni bawa kuacha kubeba ndege, nitaeleza namba 9). Nimechoka kuandika kitu kimoja mara sita, kwa hiyo naweka hapa, mwenye swali aulize hapahapa chini wote tusome. Inbox nimefunga.

Mimi Mtanzania ila PPL nimesomea Nairobi pale uwanja wa Wilson, kwenye Cessna 172S, so mifano yangu ni ya huko. Namba za mwendo soma kwenye kitabu cha ndege YAKO. Na kama kiti cha kulia hakuna mwalimu, hili somo sio lako.

1. Ruka asubuhi. Kuanzia saa tano hewa ya nyanda za Athi inaanza kuchemka, ndege inarukaruka kama bodaboda kwenye matuta na huwezi kujua kosa ni lako au la upepo.

2. Kagua ndege, mafuta, oili. Mnajua.

3. Kabla ya zoezi lolote: kimo kinatosha, flapu (vibao vya nyuma ya bawa vinavyoshushwa) ziko unapotaka, mikanda imekaza na hakuna chupa ya maji inayozurura sakafuni, injini iko sawa, chini hakuna mji, halafu piga kona moja kushoto moja kulia uangalie kama uko peke yako. Hapo kwenye kimo kuna mtego. Altimita inakuhesabia kutoka usawa wa bahari, na nyanda za Athi zenyewe ziko karibu futi 5,000. Kwa hiyo ukiona 8,500 usijione uko mbinguni, chini yako una futi 3,500 tu hivi. Aliyesomea Dar, ambako uwanja uko chini ya futi 200, hili linampita kabisa.

4. Kwenda moja kwa moja: weka pua, weka gesi, zungusha trimu (kile kigurudumu kinachoishikilia pua hapo bila wewe kukaza usukani), achia mkono. Kama unakaba usukani mpaka vidole vinakuwa vyeupe basi trimu hujaweka.

5. Kupanda: noti sabini na kitu (noti za mwendo sio za pesa), na mguu wa KULIA unakandamiza pedali muda wote, maana gesi ikiwa imejaa na pua iko juu ndege inavutwa kushoto. Angalia kile kipira kwenye kioo cha dashibodi chini (kinakuonyesha ndege ikiteleza upande), kikikimbilia kulia kikanyage kwa mguu wa kulia, kikikimbilia kushoto kikanyage kwa wa kushoto. Kushuka: punguza gesi, pua chini, mguu legeza.

6. Kona za kawaida, nyuzi 30. Usukani na pedali vinaenda pamoja. Basi.

7. Kona kali, nyuzi 45. Hapa ndege inajiona nzito mara 1.4 ya uzito wake, kwa hiyo ukivuka nyuzi 30 vuta usukani kidogo na ongeza gesi kidogo. Mitihani mingine wanataka usipande wala kushuka zaidi ya futi 100. Pua ikianza kuzama USIVUTE kwanza. Punguza mlalo wa mabawa kwanza, ndo uvute. Ukivuta huku umelala unakaza tu mzunguko, mwendo unapanda, na ndege inachimba chini kama kisima. Kutoka, anza kunyoosha nyuzi kama 20 kabla ya uelekeo wako.

8. Mwendo wa pole na flapu: kila kitu kinakuwa laini kama uji, miguu mingi mikono kidogo. Kaa hapo dakika tano nzima, usiwe na haraka, maana ndo maandalizi ya namba 9.

9. Stoli. Haya, tukae.

Stoli sio injini kuzima. Stoli ni bawa kuacha kubeba kwa sababu limeinuliwa pembe kubwa mno mbele ya upepo, injini inaweza kuwa inanguruma vizuri tu. Dawa ni moja, punguza ile pembe: legeza usukani mbele, gesi yote, miguu inazuia pua isiyumbe, bawa likishashika upepo ndo unanyoosha, flapu unapandisha hatua kwa hatua, unaondoka.

Sasa nilivyoharibu mimi. Nilikuwa na masaa kama 14, najiona rubani tayari. Stoli za kutoa gesi nilikuwa nazifanya vizuri, mwalimu akasema leo tufanye za gesi imejaa, kama mtu anayepaa. Altimita 8,500. Nikainua pua, nikainua, honi ya kuonya stoli ikaanza kulia kama mbu sikioni, mguu wangu wa kulia umelala fofofo sijui unawaza nini, kipira kiko kulia kabisa nami naangalia mawingu. Bawa la kushoto likaanguka ghafla. Nikafanya kile ambacho mwili wa kila dereva unafanya, nikakata usukani kulia ili niliinue.

Likazidi kuanguka. Kwa sababu ukikata usukani kulia, eleroni (kibao cha karibu na ncha ya bawa) ya kushoto inashuka, pembe ya bawa lile ambalo tayari limekufa inaongezeka, unalimaliza kabisa. Pua ikapinda kushoto na kutazama chini, nikaona boma la mabati na mbuzi vinazunguka kwenye kioo cha mbele. Nakumbuka bati moja lilikuwa jipya, linawaka jua, likapita mara moja, likaja tena. Mwalimu akasema "niachie" kwa sauti ya kawaida kabisa, nami sijaachia, akanipiga kibao cha mkono, akatoa gesi yote, mguu wa kulia mpaka mwisho, usukani mbele. Ikatulia. Tulipoteza futi mia saba hivi. Kutoka kwenye zile 3,500 nilizosema, fanyeni hesabu wenyewe.

Onyo la kwanza: bawa likianguka, mikono isiguse upande wowote, legeza mbele na MGUU wa upande wa pili ndo uzuie. La pili: usisubiri bawa lianguke ndo ukumbuke kipira, kipira kiwe katikati kabla honi haijalia. La tatu ni la wa Wilson, Arusha na wote wa juu: orodha nyingi zinasema sukuma kitasa chekundu cha kuchanganya mafuta na hewa mpaka ndani. Huku kwetu ukikisukuma chote injini inashiba mafuta kuliko hewa, inakohoa, nguvu inapungua wakati ndo unaihitaji. Weka kipimo cha kimo chako kama mwalimu alivyokufundisha, ukitoka kwenye stoli unasukuma gesi tu.

Wiki iliyofuata alinikalisha na mikono juu ya mapaja, ndege kwenye mwendo wa pole, akasema nyoosha mabawa kwa miguu peke yake. Nusu saa. Nilishuka vigimbi vinatetemeka kama nimepanda Meru.

Maswali.

—

kijana_wa_tabata: post ndefu sana mkuu, weka kwa ufupi

Mwandishi: Miguu.

kijana_wa_tabata: sawa ila nimeuliza stoli nikiwa solo nafanyaje

Mwandishi: Hujauliza, ndo unauliza sa hivi. Hufanyi mpaka mwalimu akuandikie kwamba unaweza. Soma mstari wa mwisho wa utangulizi.

Bi_Propela: Kaka shikamoo kwa somo. Mimi nilianzia Dar nikahamia Nairobi mwezi uliopita, ndege ileile 172 lakini naiona kama imebeba mchanga. Haitaki kupanda. Ni mimi au ndege?

Mwandishi: Marahaba dada, wala sio wewe. Wilson iko futi 5,500 na ushee. Kwa mahesabu ya kawaida ya vitabuni kimo hicho kingekuwa na nyuzi 4, lakini mchana Nairobi unakuta 25. Hizo nyuzi 21 za ziada, kila moja unaongeza futi kama 120, unapata 2,500. Kwa hiyo injini, propela na mabawa vinajiona viko futi 8,000. Ndo maana unaona barabara ya kurukia inaisha mbele yako na bado unabembeleza. Tena usivute pua kuilazimisha, shika mwendo wa kupanda uliopo kitabuni, itapanda pole hivyohivyo.

Bi_Propela: Aah kumbe! Na stoli je, kule juu inakuja kwenye mwendo mkubwa zaidi?

Mwandishi: Swali zuri sana hili. Kwenye saa ya mwendo utaona namba ileile, bila flapu kama 48 kwenye 172S, maana saa yenyewe inapima msukumo wa hewa na bawa linataka msukumo uleule. Ila mwendo wako wa kweli ni mkubwa, ongeza kama asilimia 2 kila futi 1,000. Kwa hiyo kona zako zinakuwa pana zaidi na unapotua ardhi inakimbia kuliko ulivyozoea Dar, macho yatakudanganya kwamba uko kasi utake kupunguza. Usipunguze, amini saa. Kinachopandisha namba ya stoli ni kona: nyuzi 45 ile 48 inakuwa 57, nyuzi 60 inafika 68 hivi.

captain_msoto: Unapotosha watu. Cessna mabawa yake yamesokotwa kwa nje, eleroni zinafanya kazi mpaka mwisho wa stoli. Mwalimu wangu tunatumia eleroni na hakuna kilichotokea

Mwandishi: Najua yamesokotwa, shina la bawa linakufa kwanza ncha baadaye. Ndo maana mara tisini na tisa hakuna kitakachotokea. Mimi nimeeleza ile ya mia, na kipira kilikuwa nje. Wewe weka kipira nje, gesi imejaa, kata usukani, halafu urudi hapa utuambie.

captain_msoto: Sijasema kipira kiwe nje

Mwandishi: Basi tunasema kitu kimoja. Haya nakubali, kipira kikiwa katikati inasamehe sana.

fundi_wa_anga: Kumalizia hapo, 172 nyingi ruhusa ya kuzungusha kwa makusudi ipo ikiwa nyepesi tu, kundi la pili la uzito kitabuni, kiti cha nyuma hakuna mtu. Msijifanye mnajaribu na washkaji nyuma.

Mwandishi: Asante mkuu, hilo nilisahau kabisa. Na wengi wanabeba washkaji kweli.

shabani_sim: mi natumia simulator nyumbani nina masaa 200 stoli zote nazijua, naweza kuruka hatua hizi?

Mwandishi: Hapana.

shabani_sim: sababu?

Mwandishi: Simulator yako haikusukumi makalio upande. Kipira utajifunza kukisoma kwa makalio kabla ya macho. Kwa redio na mpangilio wa uwanja hiyo simulator itakusaidia sana ila, sio kwamba umepoteza muda.

mwanafunzi_saa22: Mkuu kona kali kulia napanda, kushoto nashuka, kila siku, futi 150 mpaka 200. Mwalimu ananiambia angalia pua. Naangalia pua!

Mwandishi: Unaangalia katikati ya pua, na wewe umekaa kushoto. Ukilala kushoto pua inaonekana imepanda, unaishusha. Ukilala kulia inaonekana imezama, unaiinua. Ndege haina kosa. Ukiwa unaruka umenyoosha, chukua kalamu ya ubaoni, weka nukta kwenye kioo mbele ya pua YAKO ya usoni, pale upeo wa macho unapopita. Kona zote, tazama nukta.

Bi_Propela: Na kichefuchefu mnafanyaje jamani? Stoli ya tatu tu nimemaliza mfuko.

fundi_wa_anga: Usipande na njaa dada, chapati moja na chai ya tangawizi inatosha. Na usiinamie ramani wakati wa kona.

Mwandishi: Na omba ushike usukani mwenyewe, anayeendesha hatapiki haraka. Viatu pia vaa vya soli nyembamba, na buti husikii pedali.

kijana_wa_tabata: kusomea bei gani jumla

Mwandishi: Piga simu chuoni. Kiwango cha chini kimataifa masaa 40 kwa chuo cha kawaida, wengi tunavuka.

mwanafunzi_saa22: Nimerudi wakuu. Nukta imefanya kazi!! Kushoto futi 40, kulia 60. Mwalimu kauliza nimekula nini. Tumerudi tukakutana na korongo marabu wawili wa Mombasa Road karibu na njia ya kutua ila tukazunguka salama.

Mwandishi: Safi sana. Nukta umeifuta?

mwanafunzi_saa22: …

Mwandishi: Rudi ukaifute, anayefuata akiwa mfupi au mrefu kuliko wewe atapiga kona za ajabu asijue kwa nini.